Sekunde Arobaini za Giza

Siku nilipoonyesha filamu yangu mara ya kwanza, katika kibanda cha video pale New Congo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwenye kibanda alitoka mbio kwenda kuangalia jenereta. Skrini ilikuwa imezimika ghafla, na mtu wa kazi yake anajua giza la namna hiyo lina maana gani: mafuta yameisha au waya umechomoka, na punde wateja watadai shilingi zao. Lakini jenereta ilikuwa inanguruma vilevile. Giza lile niliweka mimi. Linadumu sekunde 40, na ndani yake mama yangu anaeleza picha iliyobaki ukutani kwetu Rutshuru, Kongo, tulipokimbia mwezi wa Oktoba 2008: nani amesimama wapi, nani amevaa kitenge cha kuazima, mkono wa bibi umelala juu ya bega la nani. Picha yenyewe haipo tena. Nyumba pia haipo.

Kwenye mabenchi watu walinyamaza. Kisha mama mmoja akasema mle mle gizani, wala hakunong'ona: "Na yetu ilikuwa hivyo." Mwingine akaanza kueleza ya kwake, ya harusi ya dada yake kule Uvira. Skrini ilipowaka tena walikuwa bado wanazungumza.

Mpaka leo hutokea mtu akaniuliza kwa nini nisitengeneze filamu ya kawaida, yenye mwanzo, katikati na mwisho. Ni swali la haki, na lilinifanya nitafute: nani aliamua kwamba filamu ya kuonyeshwa watu kama sisi lazima iende moja kwa moja, bila shimo?

Uamuzi huo una historia, na sehemu yake ilifanyika huku kwetu Afrika Mashariki. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu fupi 35, za minyoo, za mifugo, za kuweka akiba posta, na lori lao lenye projekta na jenereta likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ilitoka kwenye sahani za santuri, ili kila mahali watu wasikie lugha wanayoielewa. Leo tukisema "filamu za majaribio" tunafikiria msanii anayejaribu umbo jipya. Mradi wa Vugiri ulikuwa na neno majaribio ndani ya jina lake, ila waliojaribiwa walikuwa watazamaji.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit na kumkabidhi William Sellers, aliyekuwa ametumikia idara ya afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu inayorukaruka. Picha ikae muda mrefu, hadithi iwe moja, kamera isifanye mchezo wowote, na matukio yafuatane kama shanga kwenye uzi. Kitengo kilifungwa mwaka 1955. Imani yake iliishi zaidi ya hapo, na mimi nimekutana nayo mahali ambapo hapana projekta.

Nimekutana nayo kwenye meza ya mahojiano. Mkimbizi yeyote anaijua meza hiyo. Anayekuhoji anataka tarehe, kisha mji, kisha nani alifanya nini, kisha tarehe inayofuata. Mama yangu alisema tuliondoka maharage yakiwa na maua. Mkalimani aliyageuza maua yale kuwa mwezi. Mama akasema njiani tulipita mahali ambapo yeye alikuwa amejifungua zamani, mtoto akafa. Akaambiwa hilo lingojee, tufuate mfululizo. Yeye hakulifuata tena, wala halikuandikwa. Siwalaumu waliokaa upande ule wa meza, maana foleni ilikuwa ndefu na fomu ina visanduku vyake. Nasema tu kwamba maisha ya wanawake wengi niliowarekodi hayakai katika mfululizo. Yanahesabiwa kwa mimba, kwa vitenge, kwa miaka ya njaa, na yana mashimo ambayo mwenyewe anayazunguka kama mtu azungukavyo kaburi uani. Filamu inayokata, inayorudi nyuma, inayozimika, ndiyo inayofanana na usemi wao.

Sasa niseme habari ya mahali. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikatambuliwa rasmi kama makazi mwaka 1960, Wanyarwanda wa Kitutsi walipokuwa wakikimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Wakati huo yote ilikuwa Ankole. Wilaya ya Isingiro tuliyomo leo ilikatwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Mtu hupewa kipande cha ardhi, analima mahindi na maharage, anajenga kwa udongo. Baada ya Wanyarwanda wa kwanza walikuja wengine, kwa mawimbi: Wanyarwanda wa baada ya 1994, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, sisi Wakongomani, na Warundi wengi tangu 2015. Leo ni watu zaidi ya 100,000. Kiswahili ndicho kinachotuuzia nyanya na kutupatanisha kwenye foleni ya maji.

Lakini Uganda ilikuwa imeshawapokea wakimbizi kabla ya hapo, na watu huku wakisikia habari hiyo hushangaa: walikuwa Wazungu. Kuanzia 1942, Wapolandi wapatao 7,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Nyabyeya karibu na Masindi na Koja kando ya Ziwa Viktoria. Kanisa walilojenga Nyabyeya linasimama hadi leo. Msanii na mtafiti Emma Wolukau-Wanambwa ameifanyia kazi historia ya Koja, na video yake iitwayo Promised Lands ilionyeshwa Berlin Biennale ya 10 mwaka 2018. Niliposoma kwa mara ya kwanza kuhusu kazi zake nilikaa kimya muda mrefu. Wakimbizi wale walikuwa na kamera na albamu, nao waliondoka nazo. Miaka michache tu baadaye, bibi wa Kinyarwanda walivuka mpaka na kuingia Ankole na ng'ombe, watoto na vibuyu, bila kamera hata moja mkononi mwao.

Mmoja wao ni jirani yangu. Namwita Bibi. Alikuja akiwa msichana mdogo, akiwafuata ng'ombe wa baba yake. Idadi ya ng'ombe waliokufa kwa mbung'o baada ya kufika anaikumbuka, na rangi ya kila mmoja. Mwaka wa kuzaliwa kwake hana. Aliolewa, wakahamia nje ya makazi, karibu na Mbarara, wakawa na shamba. Oktoba 1982 Wanyarwanda walifukuzwa vijijini katika wilaya ya Mbarara, makumi ya maelfu, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Wengine wakakimbilia Rwanda, wengine wakarudishwa ndani ya makazi ya Nakivale na Oruchinga. Bibi alirudi Nakivale na watoto na picha moja ndani ya blauzi. Wenzake wengi walikwenda Rwanda baada ya 1994. Yeye alibaki. Nilimuuliza sababu akaniambia amechoka kufungasha.

Hiyo picha aliipiga studio, Mbarara, miaka ya 1970, siku aliyouza siagi. Nilipomwomba niirekodi alifikiri, akaigeuza kifudifudi juu ya kiganja. "Mbele ni kwangu," akasema. "Wewe piga nyuma." Kwa hiyo katika filamu yangu unaona nyuma ya picha: karatasi iliyogeuka rangi ya chai, pembe moja imeliwa na mende, na muhuri wa studio kwa wino wa zambarau ambao herufi zake nusu zimefutika. Kidole chake gumba kinatembea juu ya muhuri. Sauti yake inaeleza viatu, ambavyo vilikuwa vya studio na vilimbana, na mkoba, ambao pia ulikuwa wa studio na ndani yake mlikuwa na gazeti lililokunjwa ili uonekane umejaa. Baada ya hapo sikumwomba tena mtu yeyote anipe uso wake. Nauliza unanipa nini, nachukua hicho.

Nilikwenda na muhuri ule Mbarara kutafuta negativu. Nilipanda teksi asubuhi, nikapita Isingiro, migomba pande zote mbili, nikashuka nikaanza kuulizia kuanzia High Street. Mzee mmoja wa cherehani alinielekeza. Mlango ule sasa wanauza kava za simu na chaja. Mtoto wa mpiga picha, mtu mzima mwenye upole, aliniambia baba yake alipofariki walipaka rangi chumba na kuyapeleka maboksi yote jalalani. "Hatukujua kama kuna mtu angezitaka," akasema. Alinikaribisha soda. Sikuweza kuimaliza.

Na si kwamba Mbarara haikuwa na wapiga picha wa kuhifadhiwa. Musa Katuramu, mwalimu na fundi wa mbao, alipiga picha za watu wa Ankole kuanzia miaka ya 1930, na negativu zake zipo kwa sababu familia yake haikuzitupa. Baadaye mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa 2011 na Andrea Stultiens na Canon Rumanzi, ukazinakili kidijitali na kuzitoa katika kitabu. Ukizitazama unaona watu waliosimama mbele ya mtu wanayemfahamu. Mfululizo wa vitabu vya mradi huo unaitwa Ebifananyi, ambalo kwa Kiganda ndilo neno la picha, na Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni vitu vinavyofanana.

Upo pia mfano wa upande mwingine. Katika shirika la utangazaji la Uganda, UBC, palikutwa negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi ya Idi Amin. Kazi ya kuzinakili ilianza 2018, na mwaka uliofuata maonyesho yakafunguliwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala. Ni hazina kubwa. Lakini kamera ya serikali ilitazama kule serikali ilikotaka kutazama: mikutano, magwaride, tabasamu. Waliopotea hawamo. Wingi wa picha haupunguzi ukubwa wa shimo.

Nini basi cha kufanya na shimo? Wapo wanawake waliojibu kabla yangu, nami nawataja kwa shukrani, kwani baadhi ya filamu zao nimeziona kipande kipande kwa simu, kwa bando la usiku, na nyingine nimezisoma tu. Assia Djebar, mwandishi wa Algeria, alikwenda katika miaka ya 1970 kwa wanawake wa mlima Chenoua, kwa upande wa ukoo wa mama yake, akatengeneza La Nouba des femmes du Mont Chenoua, filamu ambamo simulizi za vita vya uhuru zinakatika na kuungana kama muziki. Mwaka 1982 akachukua vipande vya sinema vya Wafaransa walioipiga Afrika Kaskazini wakati wa ukoloni, akaweka juu yake sauti na nyimbo za wale waliokuwa wanatazamwa. Hiyo ndiyo La Zerda ou les chants de l'oubli. Picha ni ya mkoloni. Masikio ni yetu.

Onyeka Igwe, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alikwenda Lagos katika jengo lililokuwa la kitengo cha filamu cha Nigeria, mrithi wa kile cha Sellers. Katika a so-called archive ya mwaka 2020 tunaona vyumba vyenye vumbi na makopo yenye kutu. Zile filamu za kikoloni zenyewe hatuonyeshwi, tunazisikia, tunazikisia. Nilipoitazama nilimkumbuka Bibi na karatasi yake iliyogeuzwa. Wanawake wawili wasiojuana, mmoja na chuo na kamera nzuri, mwingine na kiganja chake, wamefikia uamuzi uleule: kutoonyesha kunaweza kuwa kauli.

Na karibu zaidi na nyumbani, Dar es Salaam, kundi la Ajabu Ajabu limefanya jambo ambalo ndilo lililonipa ujasiri. Filamu yao Apostles of Cinema inawafuata watu wa vibanda, wauza kanda na DJ wanaotafsiri filamu kwa sauti, wakiirudisha kwa watazamaji Maangamizi ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Humo kuna Samehe, mwanamke aliyeacha kusema, amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kinachomrudisha ni ukoo wa wanawake waliomtangulia. Ajabu Ajabu hawakuipeleka filamu hiyo kwenye ukumbi wenye viyoyozi kwanza. Waliipeleka kwa wenye desturi ya kuongea juu ya filamu.

Desturi hiyo sisi Uganda tunayo sana. VJ hukaa na maikrofoni akaeleza, akaongeza, akawapa wahusika majina ya mtaani, na watu huja kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mwigizaji. Hapo ndipo nilipopata wazo. Onyesho la pili pale New Congo niliiondoa sauti ya mama kwenye zile sekunde 40, nikamweka mama mwenyewe kwenye kiti kando ya skrini. Giza lilipoingia akaanza. Siku ya kwanza alitaja watu watano katika picha. Wiki iliyofuata wakawa saba, maana aliwakumbuka watoto wawili waliokuwa wamekaa chini, mbele. Mara ya tatu alisema mkono wa bibi haukuwa begani kwa shangazi, ulikuwa begani kwake yeye, na akanyamaza, na sekunde 40 zikaisha, na mwenye kibanda, ambaye sasa haendi tena kwenye jenereta, akaisimamisha filamu bila kuambiwa mpaka mama alipomaliza.

Mtu wa nyaraka angeuliza ipi kati ya hizo tatu ni ya kweli. Nimezirekodi zote tatu, kila moja na tarehe yake, na sitachagua.

Lipo shimo jingine ambalo sikuwa na mama wa kulieleza. Julai 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 kutoka Nakivale na Kyaka walipakiwa kwenye malori kwa nguvu na kurudishwa kwao. Nilikuwa na miaka 16. Sikuwa na simu, na katika kijiji chetu sikumwona mtu akipiga picha. Msichana tuliyesoma darasa moja alikuwa ameniazima daftari lake la hesabu siku mbili kabla. Ninalo bado. Katika filamu nalifungua ukurasa baada ya ukurasa kwa dakika nzima: milinganyo, vema za kalamu nyekundu ya mwalimu, kurasa nyeupe zilizobaki. Jina lake kwenye jalada nimelifunika kwa kidole, kwa sababu sijui alipo na sijamwomba ruhusa.

Kilomita 12 hivi kutoka Mbarara kuelekea Masaka, pale Biharwe, kuna kituo cha utamaduni cha Igongo, na makumbusho yake yanaitwa Eriijukiro, mahali pa kukumbukia. Nilikwenda na Bibi mwaka jana. Alisimama mbele ya vibuyu vya maziwa vya Ankole akavirekebisha kwa mdomo, kimoja baada ya kingine: hiki hakifunikwi hivi, hiki ni cha bi harusi. Wanyankole husema kwijuka, Wanyarwanda na Warundi husema kwibuka. Mimi kila nikisikia kwibuka sikio langu la Kiswahili linasikia kuibuka, kitu kilichozama kikijitokeza juu ya maji. Nilimwambia Bibi hivyo. Akasema ndiyo, lakini mtu lazima awe amekaa kando ya ziwa.

Filamu yangu ina dakika 11. Niliipiga kwa Tecno yenye kioo kilichopasuka, nikiichaji kwa sola ya jirani kwa shilingi 500, na kuihariri kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa, Mbarara. Ipo kwenye memori kadi mbili: moja iko ndani ya kopo la mafuta ya kupaka la mama, nyingine iko mjini kwa rafiki, ili mvua moja isiziharibu zote.

Nimalize kwa ombi, na ombi langu ni kwa familia zilizorithi studio za picha, Mbarara, Kabale, Masaka, Bukavu, Goma, Bujumbura. Msiyapeleke maboksi jalalani. Negativu hazihitaji chumba kizima. Ziwekeni pakavu, mbali na mende, na kama mnajua mwaka andikeni juu ya boksi kwa penseli. Msipojua majina, tuiteni. Wapo wanawake huku Nakivale watakaowaambia nani amesimama wapi.